Miti mingi kwenye mchoro wa kiwanja: bloku, hachi, ukingo wa mawingu au mtawanyiko?

Mafunzo mengi ya kuchora kwa kompyuta humzoesha mtu kuweka mti mmoja mbele ya nyumba moja. Tabora kiwanja huja na msitu wake. Shule mpya, zahanati, ghala la tumbaku, eneo la mizinga ya nyuki: vingi huanzia kwenye miombo iliyosimama bado, mininga na mitundu ikiwa imechanganyika. Kigoma nako kuna michikichi mabondeni na miembe mikongwe ya Ujiji. Mchora ramani anayeanza kunakili mti mmoja mmoja hugundua kufikia jioni kwamba faili imekuwa nzito, kompyuta inasuasua, na karatasi ikitoka kwenye printa ni doa jeusi.

Njia zinazotumika ni nne: bloku (alama moja inayohifadhiwa na kurudiwa), hachi (ruwaza ya kujazia eneo), ukingo wa mawingu na mtawanyiko, na kila moja ina pahala pake. Ili zipimwe kwa kipimo kimoja, tuchukue kiwanja cha mfano cha mita 500 kwa 800, yaani hekta 40, pembezoni mwa Tabora. Ndani yake zimo hekta 28 za miombo, hekta 6 za mikaratusi iliyopandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, safu ya miembe 17 kandokando ya barabara, na hekta 6 zilizo wazi ambako majengo yatakaa. Amri zinazotajwa ni za AutoCAD, programu ya kuchora kwa kompyuta inayohifadhi michoro kama faili za DWG. Programu nyingine zinazosoma faili za DWG zina amri zinazofanana nazo kwa sehemu kubwa.

Vigezo kwanza

Swali la kwanza lina uzito kuliko mengine yote: msomaji wa mchoro atasoma nini pale? Anayenunua miche anataka idadi. Afisa misitu na mtathmini wa mazingira wanataka eneo na aina ya uoto. Mhandisi wa barabara anataka mti mmoja na mahali pake hasa, ajue kama mwembe ule unaangukia ndani ya barabara au nje. Alama za namna moja haziwezi kuwajibu wote watatu, na mchoro unaojaribu kufanya hivyo humpotosha angalau mmoja wao.

La pili ni skeli na karatasi. Kwa 1:1000 kiwanja chetu kinakuwa milimita 500 kwa 800. Karatasi ya A1 ni 594 kwa 841, kwa hiyo kinaingia kwa kubanana na kisanduku cha maelezo kinakosa nafasi, itabidi uende A0. Kwa 1:2500 kinakuwa milimita 200 kwa 320 na kinakaa vizuri kwenye A3, ambayo ndiyo steshenari ya kawaida inaweza kuichapa, maana plota haipatikani kila mtaa. Sasa angalia miti yenyewe. Mwembe wenye mwavuli wa mita 12 ni milimita 12 kwa 1:1000 na 4.8 kwa 1:2500. Mkaratusi wa mita 3 unashuka kutoka milimita 3 hadi 1.2. Kalamu ya 0.18 ikichora duara la 1.2 lenye matawi ndani, kinachoonekana ni kitone tu.

La tatu ni uzito, na hapa watu huchanganya mambo matatu: ukubwa wa faili ya DWG, kazi inayofanywa na kompyuta kila unapokuza picha, na ukubwa wa PDF inayotumwa kwa WhatsApp au kwa flashi. Njia inayopunguza kimoja inaweza isiguse vingine.

La nne ni urahisi wa kurekebisha. Mpaka wa msitu ukisogezwa mita 20, je, unavuta pembe mbili za mstari au unafuta na kuanza upya?

La tano ni ukweli wa mchoro. Alama ya mti iliyokaa mahali fulani inamwambia msomaji kwamba mtu alifika pale na kuupima. Kama hakuna aliyefika, mchoro umesema lisilokuwepo, hata kama mchoraji alitaka kupendezesha tu.

Bloku: kila mti alama yake

Chora mti mmoja ukiwa kwenye leya 0 (leya ni tabaka la mchoro), rangi na unene wa mstari vikiwa ByLayer, yaani vikifuata leya, kitovu cha shina kikiwa ndicho sehemu ya kuwekea. Mpe kipenyo cha mita 1 kamili. Hapo kipimo unachoandika wakati wa INSERT, amri ya kuweka bloku, ndicho kipenyo cha mwavuli: mwembe wa mita 12 unaandika 12, mchongoma wa mita 2 unaandika 2. Na kwa kuwa bloku ilizaliwa kwenye leya 0, itavaa rangi ya leya unayoiwekea. Mti uleule utakuwa wa kijani kwenye MITI-ILIYOPO na mwekundu kwenye MITI-KUONDOLEWA bila kuchora mara mbili.

Miembe ya barabarani iwekwe kwa alama zilizopimwa uwandani. Ikiwa ni miti ya kupandwa kwa nafasi sawa, tumia MEASURE, chagua mstari, chagua Block, andika jina la bloku kisha umbali, tuseme 10. Ujue tu kwamba MEASURE haiweki mti mwanzoni mwa mstari. Wa kwanza unakaa kwenye mita ya 10, na usipouongeza ule wa mwanzo kwa mkono, hesabu ya miche itapungua mmoja kila safu.

Kwa mikaratusi, ARRAYRECT yenye hatua ya 3 kwa 3 inatosha. Nafasi hiyo ni miti 1,111 kwa hekta, hivyo hekta 6 ni takriban miti 6,667. Mpangilio huja wa mstatili wakati shamba si mstatili. Ulipue mpangilio, yaani uutenganishe kwa EXPLODE, lakini usizilipue bloku zenyewe, kisha chagua zilizo nje ya mpaka kwa dirisha la pembe nyingi na uzifute. Michikichi ina mpangilio wake: hupandwa kwa pembetatu ya mita 9, miti 143 kwa hekta. ARRAYRECT haijui pembetatu, lakini mipangilio miwili inaitengeneza. Wa kwanza uwe na mita 9 ndani ya safu na mita 15.59 kati ya safu na safu. Wa pili ni nakala yake iliyosogezwa mita 4.5 kando na 7.79 juu.

Kuhusu uzito, tuseme alama yako ina mistari 60, majani na matawi. Ukizinakili bila bloku unapata mistari 400,000 ndani ya faili. Kwa bloku, faili inahifadhi mistari 60 mara moja, pamoja na nafasi 6,667. Nafuu hiyo ni ya faili pekee. Kioo bado kinachora mistari yote 400,000 kila REGEN, yaani kila kinapochorwa upya, na PDF nayo huiandika upya yote, kwa hiyo printa ya steshenari inaweza kukwama dakika kadhaa kwenye ukurasa mmoja. Dawa yake ni kuwa na alama mbili. Ile nzuri yenye matawi iwe ya miti mikubwa iliyo peke yake. Ya umati iwe duara moja na nukta ya shina, basi.

Yanayoharibika hapa yanajulikana. Bloku iliyochorwa kwa mita lakini faili yake ikiwa imewekewa kipimo cha milimita, ikiingizwa kwenye mchoro wa mita hutokea ikiwa ndogo mara elfu, ukadhani haikuingia, ukaiingiza tena na tena. Kagua INSUNITS, yaani kipimo cha faili, pande zote mbili. Bloku zilizorundikana mahali pamoja hazionekani kwa macho lakini huhesabiwa, hivyo pitisha OVERKILL, amri inayofuta vilivyorudiwa, kabla ya kuhesabu. Wengine huweka WIPEOUT, kiraka cheupe cha kufunikia, ndani ya bloku ili mti wa juu ufunike wa chini. Kwa miti kumi ni vizuri, kwa elfu sita uchapaji unalemaa. Na MINSERT, inayoweka bloku nyingi kwa safu kama kitu kimoja, ijapokuwa ni nyepesi, hailipuki, kwa hiyo huwezi kuondoa mti mmoja uliokaa juu ya kisima.

Bloku zinamfaa anayehitaji idadi au mahali pa kila mti. AutoCAD kuanzia toleo la 2022 ina amri ya COUNT. Matoleo ya nyuma QSELECT inatoa jibu lilelile. Kwa miombo ya asili ambayo hakuna aliyeipima mti kwa mti, bloku zinadai usahihi ambao haupo.

Hachi: eneo lijazwe kwa ruwaza

Hachi ni kitu kimoja tu ndani ya faili, hata kikijaza hekta 28. Zile zinazokuja na programu, kama GRASS na SWAMP, hazifanani na miombo, na kutengeneza yako ni kazi ya mistari mitatu ya maandishi kwenye Notepad:

*MIOMBO, misalaba iliyopishana
0, -0.5,0, 5,5, 1,-9
90, 0,-0.5, 5,5, 1,-9

Mstari wa pili unachora vistari vya mlalo vyenye urefu wa mita 1 kila baada ya mita 10, na safu ya juu yake, mita 5 mbele, inasogea mita 5 kando. Wa tatu unafanya vivyo hivyo kwa wima. Vikikutana unapata misalaba iliyopishana, mmoja kwa kila mita za mraba 50, yaani 200 kwa hekta. Kwa 1:1000 kila msalaba una upana wa milimita 1. Kwa 1:2500 weka kipimo cha hachi 2.5, na ukubwa kwenye karatasi unabaki uleule. Faili iitwe MIOMBO.pat, jina sawasawa na la ndani, ihifadhiwe kwenye folda ambayo programu inasoma faili zake za msaada, na baada ya mstari wa mwisho ubonyeze Enter. Bila Enter hiyo mstari wa mwisho husomwa vibaya na misalaba inageuka vistari.

Uzito wake ni mdogo kila upande. Hekta 28 ni misalaba 5,600, yaani vistari 11,200, na hata kompyuta yenye RAM ya GB 4 haitalalamika.

Kurekebisha ndiko kunakoipa hachi heshima. Ikiwa imefungamanishwa na mpaka wake, ukivuta pembe ya mpaka hachi inafuata papo hapo. Lakini mpaka uwe polilaini moja (mstari mmoja wenye pembe nyingi) iliyofungwa. Mistari iliyotoka kwenye GPS mara nyingi ina mwanya wa sentimita chache ambao jicho halioni. Ifunge kwa PEDIT kwanza, kisha uchague mpaka wenyewe kama kitu. Kubofya ndani ya eneo hulazimisha programu kutafuta mipaka miongoni mwa kila kinachoonekana kioo kizima. Majengo na visima vilivyo ndani navyo vichaguliwe, la sivyo misalaba itapita juu ya paa.

Kuna tatizo moja linalowasumbua sana wanaofanya kazi kwa viwianishi halisi, yaani namba za mashariki na kaskazini za mahali. Tabora mjini iko karibu na mita 478,000 mashariki na 9,445,000 kaskazini katika ukanda wa 36 kusini wa UTM, mfumo wa ramani unaoigawa dunia katika kanda. Hachi huanza kuhesabu ruwaza yake kutoka 0,0, umbali wa zaidi ya kilomita elfu tisa. Makosa madogo ya tarakimu hujikusanya njiani, na unaona misalaba imevunjika au imepinda. Wengi hapo huuhamisha mchoro wote hadi karibu na sifuri, na kwa kufanya hivyo wanapoteza viwianishi vya mpima. Usifanye hivyo. Weka HPORIGIN, mwanzo wa ruwaza, kwenye pembe moja ya kiwanja, kisha chora hachi upya.

Kosa lingine ni kipimo. Ukiandika 0.01 badala ya 1, unaomba misalaba milioni 2 kwa kila hekta, na programu hukataa kuichora kama mistari kwa sababu HPMAXLINES kwa kawaida huishia milioni 1. Kwa ruwaza zinazokuja na programu, angalia pia MEASUREMENT. Ikiwa 0 inasoma faili ya inchi, ikiwa 1 ya milimita, na tofauti yake ni mara 25.4.

Udhaifu wa hachi ni sura. Ruwaza inajirudia, na kwenye eneo kubwa jicho linaona mistari ya mshazari, kana kwamba miombo imepandwa kwa kamba. Misalaba ya pembezoni hukatwa nusu. Ila kwa upande wa ukweli hachi ni nyoofu kabisa, kwani hakuna anayeiona akadhani kila msalaba ni mti uliopimwa. Inamfaa anayetaka kuonyesha aina za uoto na mipaka yake, na anayefanya kazi kwenye mashine dhaifu.

Ukingo wa mawingu: mwisho wa msitu tu

Simama kwenye uwazi utazame msitu. Unachokiona wazi ni ukingo wake. Njia hii inachora huo ukingo kwa vitao vinavyofanana na mwisho wa matawi na kuacha ndani weupe, au kuweka kijivu hafifu.

Chora mpaka wa msitu kwa polilaini, uinakili kwenye leya nyingine, kisha nakala uigeuze kwa REVCLOUD ukichagua Object. Urefu wa kitao uwe karibu na upana wa mwavuli wa miti yenyewe, mita 6 hadi 8 kwa miombo. Vitao vikielekea ndani badala ya nje, jibu Yes programu inapouliza kama igeuze mwelekeo. Mpaka wa asili usiufute. Vitao vinatanuka nje ya mstari, kwa hiyo AREA ya wingu ni kubwa kuliko eneo la kweli la msitu. Hekta zinazoandikwa kwenye ombi zitoke kwenye mpaka, na leya yake isichapwe.

Ubaya unaotokea mara nyingi ni vitao visivyolingana, vingine vidogo kama meno ya msumeno. Chanzo chake ni mpaka wenye pembe nyingi mno, mathalani uliotembewa na GPS inayoandika kila mita 2. Programu haiwezi kuweka kitao cha mita 7 juu ya kipande cha mita 2. Upunguze mpaka kwanza. QGIS, programu ya ramani, ina zana ya kurahisisha mistari, na uvumilivu wa mita 1 hadi 2 hauharibu chochote kinachoonekana kwa 1:2500.

Kwa uzito hakuna njia nyepesi kuliko hii. Kurekebisha ni kwa wastani, kwani wingu halifuati mpaka ukivutwa, linafutwa na kutengenezwa tena, kazi ya dakika moja. Karatasi inabaki safi, na ndani ya wingu kuna nafasi ya kuandika: Miombo, ha 28.0. Njia hii inaufaa mchoro wenye mambo mengi mengine ya kusomwa, kama mabomba, njia za umeme na mistari ya mwinuko. Haimfai anayeuliza kuna miti gani ndani, kwani haitofautishi miombo na mikaratusi isipokuwa kwa maandishi.

Mtawanyiko: bloku zilizotupwa bila mpangilio kwa skripti

Hii ndiyo inayopendeza kuliko zote, na ndiyo inayotaka uangalifu kuliko zote. Miti inawekwa kwa nafasi za bahati nasibu, kila mmoja na ukubwa na mgeuko wake, ukatokea msitu unaofanana na msitu.

AutoCAD haina amri ya kutawanya. AutoLISP, lugha ya kuandikia programu ndani ya AutoCAD, inaweza, ila AutoCAD LT haikuwa nayo kabla ya toleo la 2024. Skripti ya kawaida, yaani faili ya amri zinazosomwa moja baada ya nyingine, inafanya kazi kote. Fungua mpaka kwenye QGIS, ambayo ni ya bure, na utumie zana ya kuweka nukta za nasibu ndani ya poligoni. Omba nukta 5,600 kwa hekta 28, umbali wa chini mita 4. Ukiweka mita 6, programu itaishiwa nafasi na kukupa pungufu, maana nukta za nasibu zisizokaribiana chini ya mita 6 hazifiki 200 kwa hekta. Toa nukta kama jedwali la CSV lenye mashariki na kaskazini. Kwenye Excel ongeza safu ya ukubwa, kati ya 5 na 9 kama bloku yako ni ya mita 1, na safu ya mgeuko kwa RANDBETWEEN(0,359). Kisha unganisha (MTI2 ni jina la bloku; A na B ni mashariki na kaskazini, C ukubwa, D mgeuko):

="-INSERT MTI2 "&A2&","&B2&" "&C2&" "&C2&" "&D2

Kila mstari utasomeka hivi: -INSERT MTI2 478123.40,9445210.75 7 7 214. Nakili safu yote kwenye Notepad, hifadhi kwa kiishio cha .scr, kisha iendeshe kwa amri ya SCRIPT.

Kabla ya kuiendesha, andika OSMODE 0 ili kuzima OSNAP, mshiko unaovuta nukta hadi pembe au ncha iliyo karibu. Watu wengi hulisahau hili. Kwa kawaida mshiko wa OSNAP hauingilii namba unazoandika kwa mkono, lakini namba za skripti huziingilia. Miti iliyo karibu na ukuta au mpaka itavutwa na kunasa juu ya pembe, na utaona safu ya miti imebandikwa kwenye kona za jengo. Kama bloku ina sifa za maandishi, weka ATTREQ 0 isije ikauliza swali katikati. Nafasi moja ya ziada mwishoni mwa mstari ni sawa na Enter, nayo itavuruga mistari yote inayofuata. Na kama bloku ilitengenezwa kwa sharti la kukua sawa pande zote, -INSERT huuliza kipimo kimoja badala ya viwili. Jaribu mstari mmoja peke yake kabla ya kuachia 5,600.

Uzito wake ni ule wa bloku, kwa hiyo alama iwe duara na nukta. Kurekebisha ni kugumu kuliko njia nyingine: mpaka ukipungua unafuta zilizo nje, ukiongezeka unarudi QGIS kwa kipande kipya.

Kwa upande wa ukweli, hapa ndipo pa hatari. Mchoro huu unafanana mno na kazi ya mpima. Mtu atahesabu alama 5,600 na kuandika kwenye ombi kwamba miti 5,600 itakatwa, ilhali namba hiyo uliiomba wewe kwenye QGIS. Ufunguo wa mchoro ubebe sentensi hii kwa herufi zinazosomeka: Alama zinaonyesha aina ya uoto, hazionyeshi nafasi wala idadi ya miti. Idadi ya kweli inatoka kwenye sampuli za uwandani. Duara la sampuli lenye nusu kipenyo cha mita 15 ni takriban hekta 0.07. Ukikuta miti 14 ndani yake, ni kama 200 kwa hekta, na wastani wa sampuli kadhaa ndio unaoandikwa kwenye jedwali pembeni. Mninga uorodheshwe peke yake, kwa kuwa ni mti wa mbao wenye thamani na kuukata kunahitaji kibali.

Mtawanyiko unawafaa wanaoandaa michoro ya kuonyesha, pale mkutano wa kijiji au mfadhili anapotaka kuona eneo litakavyokuwa.

Na picha ya droni je?

Wengi sasa huweka picha ya angani chini ya mchoro na kuacha kuchora miti kabisa. Kwa hekta 40, picha ya sentimita 5 kwa pikseli ni pikseli milioni 160, karibu MB 480 kabla ya kubanwa. Ukiishusha hadi sentimita 10 inakuwa MB 120, na kwa 1:1000 bado kila pikseli ni milimita 0.1 kwenye karatasi, hakuna atakayeona tofauti. Picha haiingii ndani ya DWG, hubaki faili ya pembeni. Ukituma mchoro bila picha, mpokeaji anaona fremu tupu. Tumia ETRANSMIT, amri inayofungasha mchoro pamoja na faili zake. Ni msingi mzuri wa kufuatishia mipaka ya msitu, lakini haitenganishi mti unaobaki na unaoondolewa, kwa hiyo moja ya njia nne itahitajika juu yake.

Kulingana na hali yako

Unaandaa mchoro wa tathmini ya mazingira au wa kuombea kibali, utachapwa A3 kwa 1:2500: ukingo wa mawingu kwa kila kundi la uoto, hachi nyepesi ya kalamu 0.13 ndani yake, hekta zikiandikwa, na idadi iwe kwenye jedwali la sampuli. Ukiweka bloku hapo, hekta 6 za mikaratusi zitakuwa doa la kijivu lenye ukubwa wa kiganja.

Unapanga kupanda, mikaratusi ya kukaushia tumbaku Urambo au michikichi Kigoma: bloku kwa mpangilio, kwa sababu mchoro huo ndio utakaonunulia miche. Chapa kipande kimoja kwa 1:500 kikionyesha nafasi, na eneo lote kwa 1:2500 likiwa hachi tu. Leya mbili, moja ikizimwa kwenye kila ukurasa.

Kiwanja kiko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji, kwa hiyo miti iliyo karibu na mstari huo ina uzito wa kisheria. Chora mstari kwa OFFSET ya 60. Miti iliyo ndani yake na ile ya mita chache nyuma ipimwe na kuwekwa kwa bloku, mmoja mmoja. Msitu wa mbali, ukingo unatosha.

Kiwanja chenye mchanganyiko kama wetu: miembe 17 kwa bloku ya matawi, kila mmoja na namba yake kwenye jedwali la kubaki na kuondoka. Mikaratusi kwa hachi ya miraba, mpaka pale mtu atakapotaka idadi. Miombo kwa ukingo wa mawingu wenye misalaba hafifu ndani. Ukiombwa mchoro wa kuonyesha, nakili faili na umwage mtawanyiko kwenye nakala, ya kazi ibaki nyepesi.

Na kama miti imepimwa na watu wawili, mmoja Kigoma mjini na mwingine Kasulu, kagua ukanda wa UTM kabla ya kuingiza bloku hata moja. Kigoma mjini iko ukanda wa 35 kusini na Kasulu iko 36, na nukta za ukanda mmoja zikisomwa kwa mwingine hukaa mamia ya kilomita kutoka zilipotakiwa. Ukivuta kioo na kuona miti midogo kama vumbi pembezoni, mbali na kiwanja, tatizo ni hilo.